Kifafa cha Mahenge na Siri ya Seli za Ubongo

Msafiri aendaye Mahenge kutoka Dar es Salaam huianza safari yake Mbezi Luis, kando ya Barabara ya Morogoro, katika kituo kikuu cha mabasi kilichofunguliwa Februari 2021 na kupewa jina la Rais John Magufuli. Mahali hapo, ambapo palikuwa sehemu ya Wilaya ya Kinondoni kabla Ubungo haijafanywa wilaya, zamani palikuwa ni mashamba nje ya mji. Basi hupita Morogoro na Mikumi, huingia bonde la Kilombero kwa njia ya Kidatu na Ifakara, huvuka Mto Kilombero juu ya daraja lililochukua nafasi ya kivuko, kisha huanza kupanda milima ya Ulanga. Ni safari ya karibu kilomita 500. Katika milima hiyo lilizaliwa swali moja la elimu ya ubongo ambalo limekwisha kuwashughulisha wataalamu wa Muhimbili, Tanga, Kampala, Vancouver, Antwerp na Bethesda, na ambalo hadi leo halijafungwa.

Swali lenyewe laweza kuelezwa kwa maneno machache. Mtoto aliyezaliwa mzima, aliyekuwa akicheza na kusoma pamoja na wenzake, huanza siku moja kuinamisha kichwa na kukiinua, kuinamisha na kukiinua, kama mtu anayesinzia hali amekaa macho wazi. Mara nyingi hali hii humjia akiwa mbele ya sahani ya chakula, au asubuhi kukiwa na baridi. Baada ya miezi au miaka huanguka kifafa kamili. Akili yake hupungua, ukuaji wake hudumaa, na shule huiacha. Katika nyumba ya jirani huenda yupo mwingine, na katika nyumba ya tatu wawili. Lakini mtoto wa kijiji kilicho mbali na mto, wa kabila lile lile na mwenye kula chakula kile kile, haugui. Kwa nini?

Mtu wa kwanza kuliandika jambo hili kwa utaratibu wa kitaalamu alikuwa daktari kijana wa Kinorwe, Louise Aall, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kwa jina la Louise Jilek-Aall. Alizaliwa Oslo mwaka 1931, akasomea udaktari na kisha magonjwa ya nchi za joto, na mwaka 1959 akafika Tanganyika. Kule Mahenge alianza kuwaona watu ambao hawakuletwa hospitali. Walikuwa wakiishi pembeni mwa vijiji, wengi wao wakiwa na makovu makubwa ya moto usoni na mikononi, kwa kuwa mgonjwa wa kifafa aangukaye jikoni penye mafiga matatu huangukia motoni, na jirani aliyeamini kwamba mate au mkojo wa mtu aliyeanguka huambukiza hakuthubutu kumvuta. Wagonjwa walikula peke yao, kwa vyombo vyao wenyewe, na walilala peke yao.

Dk. Aall hakuanza kwa kuwahubiria wanakijiji juu ya imani zao. Alifungua zahanati ya kifafa na kuwapa wagonjwa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa imekwisha kutumika duniani tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mgonjwa aliyekuwa akianguka kila wiki alipopata miezi kadhaa bila kuanguka, watu waliona kwa macho yao, na wagonjwa wengine wakaanza kutoka mafichoni. Kwa kila mmoja alifungua kumbukumbu: umri alipoanza kuugua, namna ya kuanguka, ndugu wangapi wanaugua. Katika kumbukumbu hizo ndimo lilimoingia neno la wanakijiji wenyewe, kwamba mtoto fulani «amesinzia kichwa». Daktari mwingine angeweza kulipita neno hilo kama maelezo ya mtu asiyesoma. Yeye aliliandika, na mwaka 1965 akachapisha makala juu ya kifafa cha Wapogoro katika jarida la kitaalamu la nchi za Skandinavia. Ulimwengu haukulitilia maanani jambo hilo kwa muda wa miaka zaidi ya 30.

Maisha yake ya kazi yalizunguka sana. Alifanya kazi Kongo wakati wa machafuko ya 1960, akawa pamoja na Albert Schweitzer katika hospitali ya Lambaréné nchini Gabon, kisha akahamia Kanada, akasomea magonjwa ya akili, na kwa miaka mingi akafundisha katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, pamoja na mumewe, Wolfgang Jilek. Lakini Mahenge hakuiacha. Alirudi mara kwa mara, na mwaka 1992 yeye na Dk. Henry Rwiza wa Muhimbili walichapisha habari za wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa muda wa miaka 30. Ni tafiti chache sana za kifafa, hata katika nchi tajiri, zenye umri huo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wale walikuwa wamekwisha kufariki, na katika vifo hivyo vingi vilitokana na ugonjwa wenyewe: kuanguka mfululizo bila kupata fahamu, kuzama majini, kuungua.

Mwaka huo huo Dk. Rwiza na wenzake walitoa matokeo ya hesabu waliyoifanya nyumba kwa nyumba katika vijiji 11 vya Wilaya ya Ulanga, vyenye watu wapatao 18,000, wakisaidiwa na wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne. Walipata watu 207 wenye kifafa. Hesabu ya wenye kifafa kilichokuwa kikiendelea ilikuwa 10.2 kwa kila watu 1,000. Lakini wastani huo huficha jambo kubwa zaidi, na mwalimu wa hisabati aweza kuutumia kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi wastani unavyoweza kudanganya: katika kijiji kimoja hesabu ilikuwa 5.1 kwa 1,000, na katika kingine ilikuwa 37.1. Vijiji hivyo vilikuwa katika wilaya moja. Kama ugonjwa ungekuwa ni wa kurithi tu, kama watafiti walivyowahi kufikiri walipoona jinsi ulivyozirudia koo fulani, tofauti kubwa namna hiyo ingekuwa vigumu kuieleza.

Kabla ya kuendelea yafaa tutazame kinachotokea ndani ya ubongo mtu anapoanguka kifafa. Ubongo wa binadamu una seli za neva, au nyuroni, zipatazo bilioni 86. Kila seli ni kama betri ndogo. Inapokuwa imetulia, upande wake wa ndani huwa na umeme hasi wa karibu milivolti 70 ukilinganishwa na nje. Umeme huo hautokani na elektroni ziendazo katika waya, bali hutokana na ayoni za sodiamu, potasiamu na kloridi, ambazo hupita katika vilango vya protini vilivyomo katika utando wa seli. Seli moja inapotaka kuiamsha nyingine hutoa kemikali katika sinapsi, yaani mahali zinapokutana. Kemikali ya namna moja, glutamati, huifanya seli inayopokea ifyatuke. Kemikali nyingine, iitwayo GABA, hufungua kilango cha kloridi. Kloridi ina chaji hasi. Ikiingia, ndani ya seli huzidi kuwa hasi, na seli huwa ngumu kufyatuka. Ubongo wenye afya ni ule ambamo kichocheo na kizuio vinakwenda kwa mizani. Kifafa ni hali ya mizani hiyo kuvunjika, hata maelfu kwa maelfu ya seli zikafyatuka kwa pamoja, kama umati unaopiga kelele moja badala ya kuongea.

Sasa yaweza kufahamika fenobabitoni ilikuwa ikifanya nini katika zahanati ya Mahenge. Molekuli yake hujipachika katika kipokezi cha GABA na kukifanya kilango cha kloridi kikae wazi kwa muda mrefu zaidi. Haiondoi chanzo cha ugonjwa, bali huongeza nguvu ya breki. Ndiyo maana mgonjwa hana budi kuimeza kila siku, na akiiacha ghafula huweza kuanguka vibaya kuliko mwanzo.

Na kule kusinzia kichwa? Kwa miaka mingi hapakuwa na hakika kama ni kifafa au ni tabia tu ya mtoto mgonjwa. Jibu lilipatikana Uganda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto wenye dalili hiyo walionekana kwa wingi Sudan ya Kusini, na miaka ya 2000 ilipokuwa ikielekea mwisho, katika wilaya za Kitgum na Pader, kaskazini ya Uganda, katika nchi iliyokuwa imetoka vitani. Wataalamu waliwafungia watoto waya za kupimia umeme wa ubongo na wa misuli ya shingo kwa wakati mmoja. Kichwa kilipoinama, misuli ya shingo haikuwa ikivuta, bali ilikuwa imelegea kwa nukta moja ya wakati, na umeme wa ubongo ulikuwa ule wa kifafa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Miaka michache kabla, mwaka 2008, Dk. Andrea Winkler na wenzake walikuwa wamewaeleza kwa kina wagonjwa 62 wa Mahenge. Wataalamu wakaanza kukiri kwamba ugonjwa wa Kitgum, uliotangazwa kama jambo jipya la ajabu, ulikuwa umekwisha kuelezwa na wanakijiji wa Ulanga kabla ya Uhuru.

Huko Mahenge, Kitgum na Sudan ya Kusini kulikuwa na kitu kimoja kilichofanana: mito iendayo kasi. Katika maji ya kasi, penye mawe, ndimo hukua viluwiluwi vya usubi, yule inzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibiongo aumaye mchana. Usubi hubeba mnyoo uitwao Onchocerca volvulus. Mnyoo jike hukaa katika vinundu chini ya ngozi ya mtu kwa muda wa miaka kumi na zaidi, akizaa mamilioni ya vijiminyoo, au mikrofilaria, ambavyo hutambaa ngozini na machoni. Hivyo ndivyo viletavyo mwasho usiokwisha, ngozi ya chui miguuni, na hatimaye upofu. Wanafunzi wengi wamesoma ugonjwa wa usubi kama ugonjwa wa macho na ngozi tu. Lakini katika bonde la Mbam nchini Kameruni, watoto waliopimwa idadi ya vijiminyoo kati ya 1991 na 1993 walitafutwa tena mwaka 2017, na ilionekana kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na vijiminyoo vingi, ndivyo uwezekano wake wa kupata kifafa baadaye ulivyokuwa mkubwa. Hapo mpangilio wa wakati ni bayana: minyoo kwanza, kifafa baadaye.

Hata hivyo, palikuwa na kikwazo. Walipochunguza maji ya uti wa mgongo ya watoto wagonjwa, wataalamu hawakuukuta mnyoo. Mnyoo usioingia ubongoni wawezaje kuuharibu ubongo?

Hapa ndipo wanabiolojia ya molekuli walipoingia. Tory Johnson, Avindra Nath na wenzao, katika taasisi ya taifa ya magonjwa ya neva ya Marekani iliyoko Bethesda, walianza na dhana ambayo msomaji ataielewa kwa kukumbuka homa ya baridi yabisi. Mtoto hupata maambukizi ya bakteria kooni. Mwili wake hutengeneza kingamwili, yaani protini zenye umbo la kunasa sehemu fulani ya bakteria. Kwa bahati mbaya sehemu hiyo hufanana na protini ya moyo, nazo kingamwili, zisizo na macho ya kutofautisha, huushambulia moyo wa mwenyewe. Je, haiwezekani kwamba kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya mnyoo wa usubi huzishambulia seli za neva kwa makosa hayo hayo?

Kulijaribu wazo hilo walichukua damu ya watoto wagonjwa wa Uganda na ya majirani wao wasiougua. Waliipitisha juu ya kipande cha kioo kilichopangwa maelfu ya protini za binadamu, kila moja mahali pake, ili waone kingamwili za wagonjwa zitanasa wapi. Protini iliyojitokeza ilikuwa leiomodini-1. Hadi wakati ule ilijulikana kama protini ya misuli laini, kama ile ya kuta za utumbo na mishipa ya damu. Walipoitafuta ubongoni waliikuta humo pia, katika seli za sehemu zinazohusika na kumbukumbu na mwendo. Waliona kwamba kingamwili za leiomodini-1 hunasa pia tropomiosini, protini ya mnyoo wa usubi. Kisha wakazikuza seli za neva za binadamu katika sahani za maabara na kuzimwagia kingamwili za wagonjwa. Seli zilikufa. Walipoziondoa kwanza kingamwili za leiomodini-1, madhara yalipungua. Kazi hiyo ilichapishwa Februari 2017, na magazeti mengi ya dunia yaliandika kwamba siri ya ugonjwa imefumbuliwa.

Msomaji makini angetazama kwanza safu ya wale wasiougua. Kingamwili hizo zilikutwa katika nusu hivi ya wagonjwa, lakini zilikutwa pia katika karibu theluthi ya majirani wazima. Basi nusu ya wagonjwa hawakuwa nazo, na wengi waliokuwa nazo hawakuugua. Tofauti ilikuwapo, lakini chanzo cha ugonjwa hakithibitishwi kwa tofauti ya namna hiyo peke yake. Mwaka 2018 wataalamu waliopasua ubongo wa wagonjwa wachache waliofariki Uganda walikuta ndani ya seli zao marundo ya protini iitwayo tau, ambayo kwa kawaida huonekana katika ubongo wa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, wakadai kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe. Mwaka uliofuata kundi jingine, likichunguza wagonjwa wengine, lilikuta zaidi alama za uvimbe wa zamani katika tishu za ubongo, huku tau ikiwamo kwa baadhi yao tu. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi ambao haukupata ushahidi kwamba kingamwili za leiomodini-1 ndizo ziletazo kifafa cha usubi. Na mwaka 2024 Profesa Richard Idro wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la dawa ya doksisaiklini, ambayo huua bakteria waishio ndani ya mnyoo na hivyo kumfanya mnyoo awe tasa. Dawa haikuzipunguza kingamwili zile kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo waliopewa dawa walilazwa hospitali kwa sababu ya kuanguka mara chache zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, na vifo kati yao vilikuwa vichache zaidi. Matokeo ya namna hiyo, yanayokataa upande mmoja na kukubali upande mwingine, huwachosha waandishi wa magazeti. Kwa mtafiti ni chakula.

Wakati maabara zikibishana, Mahenge ilikuwa na kazi nyingine. Dk. Bruno Mmbando wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Tanga, pamoja na wenzake wa Tanzania na Profesa Robert Colebunders wa Antwerp, walizunguka nyumba kwa nyumba mwaka 2017 katika vijiji vinne. Katika watu zaidi ya 5,000, kifafa kilikutwa kwa asilimia 2.5. Vijiji vya ndani, vilivyo karibu na mito, vilikuwa na asilimia 3.5; vilivyo karibu na mji wa Mahenge asilimia 1.5. Haya yalionekana baada ya miaka 20 ya kugawa dawa ya ivamektini, ambayo wengi huijua kwa jina la Mectizan, mara moja kwa mwaka. Ama dawa haikuwa na nguvu ya kutosha, ama haikuwa ikiwafikia watu wote wanaostahili.

Ivamektini yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu ni somo zuri la biolojia ya neva. Iligunduliwa kutokana na bakteria wa udongo wa Japani kwa kazi ya Satoshi Ōmura na William Campbell, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na tangu 1987 kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya ugonjwa wa usubi. Seli za neva na misuli za minyoo zina vilango vya kloridi vinavyofunguliwa na glutamati. Binadamu na wanyama wengine wenye uti wa mgongo hawana vilango vya aina hiyo. Ivamektini huviendea hivyo na kuviacha wazi. Kloridi huingia, seli hunyamaza, kijiminyoo hupooza, na mwili hukiondoa. Mwanafunzi ataona mara moja kwamba kanuni ni ile ile ya fenobabitoni, kufungua mlango wa kloridi ili kuituliza seli, isipokuwa mara hii anayetulizwa ni mnyoo. Ivamektini nyingi mno ingeweza kuvigusa hata vilango vya GABA vya binadamu, lakini katika kuta za mishipa ya damu ya ubongo ipo pampu ya protini inayoisukuma nje kabla haijafika. Dawa hii haimuui mnyoo mzima aliyekomaa. Huvimaliza vijiminyoo na kumzuia jike kuzaa kwa miezi kadhaa, kisha uzazi hurudi. Ndipo inapoonekana sababu ya kuigawa mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja.

Mgao wa mara mbili ulianza Mahenge mwaka 2019. Hesabu za 2017 na 2018 zilikuwa zimeonyesha wagonjwa wapya wa kifafa wapatao 178 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Watafiti waliporudi mwaka 2021 walikuta wapya wapatao 46. Mtoto wa mwisho waliyemkuta ambaye alidhaniwa kuwa na ugonjwa wa kusinzia kichwa alikuwa ameanza kuugua mwaka 2016. Idadi ya watu katika vijiji vinne si kubwa, na hesabu za namna hii huyumba. Lakini kupungua kwake ni kukubwa mno kuweza kuitwa bahati tu. Kwa hiyo ugonjwa ambao njia yake ndani ya ubongo haijajulikana umeanza kuzuilika kwa kidonge kinachogawiwa na wanakijiji waliochaguliwa na wenzao.

Kuzuilika, hata hivyo, si kuponyeka. Kijana wa miaka 20 ambaye seli zake ziliharibika akiwa na miaka minane hapati ubongo mwingine kwa kumeza ivamektini. Anahitaji fenobabitoni au dawa nyingine ya kifafa kila siku kwa miaka mingi, na zahanati yake ikiishiwa dawa kwa wiki mbili hatari yake ni ile ile aliyoiandika Dk. Aall: moto, maji na barabara. Tena wagonjwa hawakai Mahenge tu. Wapo wanaosafiri kuja Dar es Salaam kutafuta matibabu au kazi, na hushuka Mbezi Luis kama abiria wengine. Mtu akianguka kifafa katika kituo chenye maelfu ya watu, aghalabu umati huunda duara na kusimama mbali, au mmoja hukimbilia kumwingiza kijiko kinywani. Yote mawili yana madhara. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa, na ulimi haumezwi; kijiko huvunja meno tu. Afaa kuondolewa vitu vigumu na vya moto vilivyo karibu, kuwekewa kitu laini chini ya kichwa, na misuli ikilegea kulazwa ubavu ili mate yatoke na pumzi ipite. Asikamatwe kwa nguvu. Atazamwe saa: akizidi dakika tano bila kutulia, apelekwe hospitali haraka.

Kuhusu njia yenyewe, bado zipo fikra zinazoshindana. Huenda kingamwili nyingine, ambayo haijatambuliwa, ndiyo inayofanya kazi iliyodhaniwa kuwa ya leiomodini-1. Huenda vijiminyoo huingia ubongoni kwa muda mfupi katika miaka ya mwanzo, wakati mtoto ana wingi wake mkubwa kabisa, kisha hufa bila kuacha alama inayoonekana miaka kumi baadaye, na hivyo kila aliyepima maji ya uti wa mgongo alikuwa amechelewa. Huenda ni kemikali au virusi vya mnyoo mwenyewe. Ili kuchagua kati ya hizo ingefaa damu ya watoto wachukuliwe kabla hawajaugua, ihifadhiwe kwenye baridi kali, na watoto hao wafuatiliwe kwa miaka. Lakini mahali ambapo ivamektini imegawiwa vizuri, watoto wa kuugua wanazidi kuwa wachache, na uchunguzi wa namna hiyo unazidi kuwa mgumu kufanyika. Kuinyima jamii dawa ili kuipatia maabara jibu ni jambo ambalo hakuna mtafiti wa haki anayeweza kulifikiria. Damu iliyohifadhiwa kutoka miaka iliyopita, pamoja na sehemu za ubongo zilizotolewa kwa ridhaa ya wazazi wa watoto waliofariki, ndiyo akiba iliyopo ya kulijibu swali lile lililoandikwa Mahenge kwa maneno mawili, amesinzia kichwa.